Mrama wa Nchi Kavu

Hakuna mtu wa pwani asiyeujua upepo kwa jina. Kaskazi huvuma toka Disemba hata Machi, nao ndio ulioleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika zamu baada ya hapo, ukavuma hata Septemba, nao ndio uliowarudisha mabaharia makwao. Kati ya misimu hiyo huwako tanga mbili, majira ya upepo usio na msimamo. Kuna umande utokao bara alfajiri, na kuna matlai utokao mashariki. Kila upepo una tabia yake, na kila tabia ina jina. Walakini liko jambo moja la upepo ambalo katika miaka yetu limeingia Dar es Salaam kimyakimya, likakaa kati ya watu bila ya kuitwa kwa jina lolote. Jambo hilo ni kuyumba kwa majengo marefu, na hali inayowapata wanadamu waliomo ndani yake.

Mimi ni mkaazi wa Mbweni, pwani ya kaskazini ya Kinondoni, mbele ya Kunduchi kwa mtu atokaye mjini. Nyumba za kwetu nyingi ni fupi, na upepo huko ni kitu cha kuonekana kwa macho. Minazi huinama na kuinuka, mivinje hunguruma kama mawimbi ya mbali, na mikoko ya ufukweni hutikisa majani yake. Mnazi mrefu ukiyumba usiku kucha hakuna mtu anayetoka ndani kwa hofu. Tunajua kwamba mti huo huishi kwa kuyumba, na kwamba mnazi uliokataa kuinama ungevunjika siku nyingi zilizopita. Tunaona sababu na tunaona matokeo, navyo vimefuatana mbele ya macho yetu kama mtu na kivuli chake.

Mjini mambo ni mengine. Katika miaka ya 2010 Dar es Salaam ilipanda juu kuliko ilivyopata kupanda. Minara pacha iliyojengwa na mfuko wa pensheni wa PSPF, kabla mfuko huo haujaunganishwa na mingine mwaka 2018, na lile jengo la Mamlaka ya Bandari lililo karibu na bahari, yote ilipita kimo cha mita 150. Kando ya hiyo yalisimama majengo mengine mengi ya ghorofa 20 na zaidi. Maelfu ya watu wanaolala katika nyumba za chini za Mbweni, Tegeta, Mbagala na Temeke hupanda lifti kila asubuhi, wakatumia mchana wao mahali ambapo babu zao hawakuona ila ndege. Nami nilikuwa miongoni mwao kwa miaka kadhaa. Jengo nililofanyia kazi si mojawapo ya niliyoyataja, wala jina lake halina faida katika insha hii. Yatosha kusema kwamba meza yangu ilikuwa juu ya ghorofa ya 20, na kwamba dirisha langu lilitazama bahari.

Siku nyingi za mwaka hapakuwa na jambo la kusimulia. Upepo wa Dar es Salaam kwa kawaida ni wa upole, na majengo yetu mengi ni ya zege, na zege ni zito. Lakini zilikuwako siku za kusi kali, hasa katika Juni na Julai, ambapo chumba kilibadilika. Badiliko lenyewe halikuwa kubwa. Kamba ya pazia, ambayo hakuna aliyeigusa, ilianza kwenda na kurudi. Maji katika bilauri yalichora duara, likapotea, likarudi. Ukuta wa mbao uliogawa vyumba ulilia taratibu kama mlingoti wa jahazi. Kiti kilikuwa kimetulia, na mtu aliyekikalia alikuwa ametulia, lakini kilikuwapo kitu katikati yao kilichokataa kutulia. Wengine hawakuhisi neno. Wengine walishika vichwa vyao wakaomba chai. Mmoja alilaumu usingizi wa jana, mwingine aliulaumu mchana wa njaa, na wa tatu alikwenda kupima malaria. Madirisha yalikuwa yamefungwa, kiyoyozi kilivuma kuliko upepo wenyewe, na hakuna aliyemshitaki upepo kwa sababu hakuna aliyemsikia.

Hapana budi kueleza kwa kifupi jinsi mambo hayo yatokeavyo. Upepo huongezeka nguvu kadiri mtu apandavyo juu, kwa kuwa miti na nyumba zinazouzuia hubaki chini. Ukipiga uso wa jengo refu hulisukuma likainama kidogo sana, na kwa kuwa hauvumi sawasawa bali kwa vishindo, jengo huinama na kujirudi. Tena upepo unapozunguka pembe za jengo huacha nyuma yake visulisuli, kimoja upande wa kulia na kimoja upande wa kushoto, kwa zamu. Kila kisulisuli huvuta kidogo upande wake. Kwa hiyo jengo huyumba pia kwa ubavu, na mara nyingi huko kuyumba kwa ubavu ndiko kunakowasumbua watu zaidi. Kila jengo lina mwendo wake wa asili, kama bembea. Jengo la ghorofa zipatazo 40 huweza kwenda na kurudi mara moja katika muda wa sekunde 4 hivi. Visulisuli vikiwafikiana na mwendo huo, bembea husukumwa kwa wakati wake, ikaongezeka.

Sasa mwili. Mwanadamu hana kiungo cha kupimia umbali aliosogezwa, wala hahisi mwendo ulio sawa. Abiria wa ndege iendayo kasi kubwa hunywa chai yake kwa raha. Kinachohisiwa na mwili ni mchapuko, yaani kule kuongezeka na kupungua kwa mwendo, na mpimaji wake amewekwa ndani ya sikio. Watu wengi huanza kuutambua mchapuko huo unapofika kama sehemu 5 katika 1,000 za nguvu ya uvutano wa dunia, na wepesi wa hisia huutambua chini ya hapo. Ni kiasi kidogo mno. Kwa jengo liendalo na kurudi kila sekunde 4, sentimita 2 tu kila upande zatosha kukifikia. Mnara wa Burj Khalifa wa Dubai, wenye kimo cha mita 828, uliofunguliwa Januari 2010, ambao Waswahili wengi wafanyao kazi Ghuba wameupita mlangoni, una mwendo wa asili wa polepole zaidi, kama sekunde 11. Kwa hesabu hiyohiyo, ungeweza kusogea kama sentimita 15 kila upande kabla mtu hajaupata mchapuko uleule. Haifuati, basi, kwamba jengo lisogealo zaidi ndilo liwaumizalo watu zaidi. Jambo kubwa ni namna ya mwendo, kama ilivyo kwa adabu za watu.

Juu ya hayo kuna ugomvi kati ya sikio na jicho. Sikio husema, tunakwenda. Jicho hutazama meza, ukuta na kabati, likasema, tumesimama. Akili, ambayo ni hakimu kati ya mashahidi hawa wawili, hushindwa kutoa hukumu, na gharama za kesi hulipwa na tumbo na kichwa. Ndiyo maana ya kisunzi na kichefuchefu. Tena upo ugonjwa mwepesi zaidi, ambao hautapishi wala hauzungushi kichwa. Mwaka 1976 wataalamu wa Marekani, Graybiel na Knepton, waliueleza kuwa ni hali ya usingizi, uvivu wa akili na kukosa hamu ya kazi, inayoletwa na mwendo mdogo usiokoma. Msomaji aangalie jinsi ugonjwa huu ulivyo hatari kwa heshima ya mtu. Mwenye homa huonewa huruma, lakini mwenye usingizi mezani huitwa mvivu.

Katika afisi yetu alikuwako mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Mafia, binti wa ukoo wa mabaharia. Kazi yake ilikuwa ya hesabu, na vitabu vyake vilikuwa safi kama nguo ya Idi. Kila ulipovuma kusi mama huyu aliinuka mezani, akashuka chini, akakaa barazani nusu saa, kisha akarudi. Siku moja nilimkuta kwenye ngazi, nikamwamkia, nikamwuliza, "Mama, hujambo? Mbona uso umekusawajika?" Akanijibu, "Sijambo, mwanangu. Jengo hili linakwenda mrama." Nilidhani anasema kwa mafumbo juu ya uongozi wa afisi. Akacheka, akasema, "La, nasema mrama wenyewe, wa chomboni. Mimi nimezaliwa na jambo hili. Babangu alinifunza: chombo kikienda mrama, usitazame miguu yako, tazama ukingo wa mbingu, wala usikae tezini wala omoni, shuka katikati. Hapa juu tumepewa kiti cha omoni, tukaambiwa tuko nchi kavu."

Maneno haya yalinifumbua. Katika magazeti yetu neno mrama limekuwa na maana ya kuharibika: mipango imekwenda mrama, biashara imekwenda mrama. Lakini kwa baharia mrama haukuwa uharibifu. Ulikuwa ndio mwenendo wa chombo kizima katika bahari iliyochafuka. Chombo kisichokwenda mrama katika mawimbi ni kile kilichokwisha kaa juu ya mwamba. Methali yetu yasema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nayo hutumiwa kumwonya anayetangatanga. Lakini kabla ya kuwa onyo ilikuwa kweli ya chomboni: ngamani ni chini na katikati, na mrama huwa mdogo kuliko ulivyo mwishoni mwa chombo. Mama wa Mafia aliposhuka barazani kila siku ya kusi alikuwa akitii elimu ya karne nyingi.

Wakubwa wa afisi hawakuijua elimu hiyo. Mama aliandikiwa barua kwamba anaacha meza yake mara kwa mara bila ya sababu. Alijibu kwa maandishi kwamba jengo linayumba. Jibu la pili lilisema kwamba jengo limejengwa imara, limekaguliwa, wala halitikisiki, na likamshauri akamwone daktari. Ndani ya jibu hilo kulikuwa na kweli mbili na uongo mmoja. Ni kweli kwamba jengo lilikuwa imara. Ni kweli kwamba lilikaguliwa. Lakini si kweli kwamba halikutikisika, na uongo huo mdogo ulimhamisha mama katika daraja ya mashahidi, ukamtia katika daraja ya wagonjwa. Baadaye alihamishiwa ghorofa ya 4, kwa kushushwa cheo kidogo, na huko kichwa hakikumwuma tena. Barua ya onyo ilibaki katika jalada lake mpaka siku aliyostaafu.

Najua kwa nini wenye majengo huogopa kusema. Mji wetu una kumbukumbu nzito. Mnamo Machi 29, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, watu 36 wakafa. Mnamo Novemba 16, 2024, jengo la Kariakoo liliporomoka likiwa na wafanya biashara ndani. Na usiku wa Agosti 12, 2020, tetemeko la nchi lililoanzia baharini, kusini mashariki ya mji, liliwatoa watu wengi katika maghorofa wakakimbilia barabarani. Mtu aliyeyaona hayo akiambiwa kwamba jengo lake linayumba atasikia kwamba linaanguka. Lakini majengo yale mawili hayakuangushwa na upepo, na tetemeko huja likapita kwa sekunde chache, lakini mrama wa upepo hukaa kwa saa nyingi kadiri upepo ukaavyo. Mambo matatu mbalimbali yametiwa katika mfuko mmoja wa hofu, na mfuko huo hautafunguliwa kwa kunyamaza. Hufunguliwa kwa kueleza. Asiyeelezwa tofauti ya kuyumba na kuanguka ataogopa yote mawili, au, vibaya zaidi, atazoea kudharau yote mawili.

Wala ukimya huu si wetu peke yetu. Mwaka 1965, minara pacha ya New York, ile iliyoangamizwa mwaka 2001, ilipokuwa bado ni michoro, mhandisi Leslie Robertson alitaka kujua wanadamu huanza kuhisi kuyumba kwa kiasi gani. Katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, watu waliitwa kupimwa macho bure. Waliingia katika chumba cha kawaida, wakaulizwa maswali ya macho, na chini yao chumba kizima kilikuwa kikisogezwa polepole kwa mitambo. Hawakuambiwa. Mmoja baada ya mmoja walianza kusema kwamba wanaona kisunzi, kwamba kuna jambo lisilo la kawaida. Ilijulikana kwamba miili yao ilikuwa myepesi kuhisi kuliko wahandisi walivyotazamia. Faida yake ilionekana: kila mnara ulitiwa vipunguza mrama vipatavyo 10,000. Lakini mimi huwafikiria wale watu chumbani. Walikuwa na haki katika waliyoyahisi, na kwa muda ule mtu pekee aliyejua kwamba wana haki ndiye aliyewaficha.

Miaka mingi baadaye, katika mji wa Wellington huko New Zealand, unaojulikana kwa upepo mwingi, Lamb na wenzake waliwauliza watu zaidi ya 1,000 habari za majengo yao, wakatoa matokeo mwaka 2013. Wengi walikuwa wamehisi kuyumba, na si wachache waliosema kwamba kuliwapunguzia makini. Hata hivyo waliopeleka malalamiko rasmi walikuwa wachache mno. Watu walipumzika zaidi, walitembea, walishuka chini, walimeza dawa, wakanyamaza. Ndipo nilipoona kwamba mama wa Mafia alikuwa na ndugu wengi duniani asiowajua. Na ndipo ilipoonekana udhaifu wa hoja inayopendwa na wenye majengo, kwamba hakuna aliyelalamika. Mtu halalamikii kitu ambacho ameambiwa hakipo.

Dawa za mrama zinajulikana. Jengo laweza kupewa umbo linaloukata upepo ili visulisuli visipate kupatana, kama lilivyofanywa lile la Dubai. Laweza kupewa uzito na ugumu zaidi. Laweza kutundikiwa mzigo mkubwa karibu na kilele, uyumbe kinyume cha jengo na kulituliza. Citicorp ya New York ilitiwa mzigo wa tani kama 400, na mnara wa Taipei 101 una tufe la tani 660, ambalo wageni huenda kulitazama kwa furaha. Jambo hili la mwisho lanipendeza kuliko yote. Wenye mnara ule hawakuificha dawa, wala kwa hiyo hawakuuficha ugonjwa. Wameuonyesha mbele ya watu mrama na mshindani wake, na watu hulipa kiingilio kuviona.

Sisi hatuhitaji tufe la tani 660 katika kila jengo la Dar es Salaam, kwa kuwa upepo wetu si wa Taipei. Lakini hatuna ahadi ya upole wa milele. Kimbunga cha Aprili 1872 kilivunja mikarafuu mingi ya Unguja, na mapema Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika Mafia, vyombo vya kuvuka baina ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa. Siku za namna hiyo, mtu wa ghorofa za juu ana haki ya kujua atakachohisi, kwa nini atakihisi, na aende wapi kikimzidi. Haya hayagharimu fedha. Yahitaji karatasi moja yenye maneno ya kweli, na mkubwa wa kazi atakayemwacha mtu ashuke nusu saa bila ya kumwandikia barua.

Maneno ya kutumia tunayo. Lugha yetu ilizaliwa kando ya maji, nayo ina mrama, ina kuyumba, ina kupepesuka, ina kisunzi, ina kusukwasukwa, kila moja kwa kiasi chake. Nahodha mwema hakumwambia abiria wake kwamba bahari imetulia na hali chombo kinapanda na kushuka. Alimwambia kwamba chombo ni kizima, kwamba mrama utakuwako hata jioni, na kwamba akae katikati. Abiria alitapika labda, lakini hakujidhani mwenda wazimu, wala wenzake hawakumwita mvivu. Wahandisi wetu wanaosomea kazi ya kupandisha majengo, na wanafunzi wetu wanaosomea kazi ya maneno, wana deni moja la kulipa pamoja: kumpandisha nahodha yule ghorofani. Nguvu ya jengo hupimwa kwa kutovunjika kwake. Nguvu ya wenye jengo hupimwa kwa kuweza kumwambia mtu aliyehisi kweli kwamba amehisi kweli.